Wimbo Uliomzika Aliye Hai

Kiswahili kina maneno machache yaliyobebeshwa mizigo mingi kama neno ngoma. Ngoma ni chombo kilichowambwa ngozi. Ni mchezo wenyewe. Ni hafla ya unyago na ya harusi. Na kwa vijana wa muziki wa kizazi kipya, wimbo wowote uliorekodiwa huitwa ngoma, hata kama ndani yake hamna ngozi wala kiwambo. Kisha mitaani neno hilohilo likapewa kazi nyingine. "Ana ngoma," ikasemwa, na aliyeambiwa akaelewa kwamba mtu yule ana virusi vya UKIMWI. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, maradhi yaliitwa Juliana, jina la nguo iliyokuwa ya fasheni. Kwingineko yakaitwa miwaya, kwa kuwa aliyeikanyaga hunaswa. Mfasiri anayetakiwa kuyahamishia majina haya katika lugha nyingine hupata tabu, maana kila moja lina kicheko ndani yake, na kicheko kile kilikuwa ngao ya watu kabla ya ngao nyingine yoyote kupatikana.

Muziki na maradhi, vilivyokutana katika neno, vilikutana pia barabarani. Makambako ni mji uliozaliwa na njia. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma huachana na ile ielekeayo Njombe na Songea. Hapo pia hupita reli ya TAZARA, iliyoanza kazi rasmi mwaka 1976. Malori hulala, madereva hula, mabasi hushusha na kupakia, na muziki haukomi. Kutoka hapo hadi Njombe mjini ni kilomita takriban 60 za kupanda kuelekea kwenye baridi, na katika mwendo huo runinga iliyoning'inizwa mbele ya basi humpitisha abiria katika miongo minne ya nyimbo bila kumwomba ruhusa: dansi la miaka ya 1980, kwaya iliyovaa sare na kupiga picha penye maporomoko ya maji, Bongo Fleva ya mwanzo wa karne, tena dansi.

Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, una sifa mbili katika takwimu za taifa. Moja ni ya chakula: viazi, chai, mbao, na siku hizi parachichi. Ya pili haitangazwi kwenye mabango. Uchunguzi wa mwaka 2011 na 2012 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima wa mkoa huo wana virusi. Ule wa 2016 na 2017 ulikuta 11.4, na ule wa 2022 na 2023 ukakuta 12.7, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Kwa msomaji wa visiwani, ambako kiwango ki chini ya asilimia 1, tarakimu hizi huenda zikasikika kama habari za mbali. Lakini zimaanishe jambo moja la karibu: katika basi la abiria sitini lipandalo kutoka Makambako, wamo watu kadhaa waliomeza kidonge jana usiku na watakaomeza tena leo usiku, na hakuna ajuaye ni nani.

Hao ndio wanaousikiliza wimbo unaosema kwamba watakufa.

Wimbo "Starehe" wa Ferooz na Professor Jay ulivuma sana mwaka 2004. Ndani yake kijana aliyezongwa na maradhi anasimulia maisha yake ya anasa na jinsi yalivyomfikisha hapo alipo. Katika sanaa ya muziki ule, ambao wazee wengi waliuona kelele tupu, ni kazi yenye heshima yake: ina kisa, ina majuto, ina uso wa mtu. Wala haukusema uongo. Kwa zaidi ya miaka 20 tangu Kagera, aliyeugua alikonda mbele ya macho ya jirani zake, akazikwa. Ajabu ya historia ni kwamba mwaka huohuo wa 2004 ndio uliokuwa mwanzo wa mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo katika hospitali za umma. Wimbo ulifika kileleni siku ukweli wake ulipoanza kuzeeka. Leo anayemeza dawa bila kuruka, akapimwa na virusi vyake visionekane, hamwambukizi mwenzake kwa ngono, na anaweza kuwaona wajukuu. Wimbo haujaambiwa.

Je, usemi uliokuwa kweli ulipotungwa unaweza kugeuka uongo kwa kukaa tu? Wengi watajibu kwamba hauwezi. Kwamba wimbo ni ushahidi wa siku yake, na ushahidi hauchachi. Jibu hili lina nguvu likitolewa maktabani. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858, na mafunzo yake kwa mke kuhusu mume yamewakereketa wasomaji wengi wa sasa; hata hivyo hakuna mwenye akili aliyetaka ufutwe. Lakini anayeusoma utendi ameufungua mwenyewe, anajua umri wake, na akichoka ataufunika. Abiria wa Njombe hakufungua kitu. Wimbo umemjia bila tarehe. Zamani watangazaji wa Radio Tanzania walikuwa na desturi ya kutaja bendi, mtunzi na mwimbaji kabla ya sindano kugusa santuri, na aliyesikiliza alijua anazungumza na nani. Siku hizi, wimbo ukitafutwa kwenye intaneti, mwaka unaoonyeshwa aghalabu ni ule ambao mtu fulani aliupakia, si ule uliorekodiwa. Na kisichokuwa na mwaka hujifanya cha leo.

Wapo watakaosema, na hoja yao isidharauliwe, kwamba vitisho viliokoa watu. Huenda kijana mmoja wa Makambako aliiona video ya mgonjwa aliyekauka kitandani akarudi nyumbani mapema usiku ule. Lakini hofu haichagui pa kutua. Hofu ileile iliwafanya wengine wakwepe kupima, maana nani atakayekwenda kuulizia tarehe ya kifo chake? Tena nyimbo za aina hii, za dansi, za kizazi kipya na za kwaya vilevile, zilishikilia mantiki moja: aliyeugua alikula raha, na maradhi ni bili. Mke aliyeambukizwa nyumbani kwake na mtoto aliyezaliwa nayo hawakupata nafasi katika kisa, kwa kuwa hawakuwa na raha ya kusimulia. Sheria ya Bara ya mwaka 2008 ilikataza kuwanyanyapaa wanaoishi na virusi. Sheria humkamata mtu, mwangwi haukamatiki.

Mtu mwingine aliuendea mlango huu kwa njia nyingine kabisa. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo, aliyeiongoza Super Matimila, alitunga "Mambo kwa Soksi" wakati ambapo kondomu ilikuwa neno la kunong'onwa. Hakumwonyesha maiti msikilizaji. Alimwambia avae soksi, akacheka naye. Redio ya taifa, iliyokuwa pekee Bara hadi katikati ya miaka ya 1990, ilikataa kuupiga kwa kuona unavunja heshima. Ukaenea kwa kanda na kumbi za dansi. Kwa hiyo kitisho kilisikika hewani na ushauri ukajificha. Anayezirudia nyimbo hizi mbili leo atauona ule uliozuiwa kuwa ndio ungali unafaa, neno kwa neno, katika stendi ya Makambako, na ule ulioshangiliwa ndio unaohitaji maelezo. Hapo ndipo wenye kalamu za kupiga marufuku wangepaswa kusita. Waliomfungia Remmy nao waliamini wanawalinda wasikilizaji. Remmy baadaye aliliacha dansi akaimba nyimbo za dini, na alifariki Desemba 2010. Dar es Salaam kituo cha basi kingali kinaitwa Sinza kwa Remmy, na makondakta wanalitaja jina lake mara nyingi kuliko redio.

Kuna pia tofauti ya nafsi, ambayo washairi wanapaswa kuijua kuliko wengine. Franco wa Zaire, mwaka 1987, aliimba juu ya maradhi haya kama mhubiri aliyesimama juu ya mimbari: enyi watu, jihadharini. Philly Lutaaya wa Uganda, mwaka 1989, alijitangaza mwenyewe kuwa mgonjwa, akaimba upweke wake, akafariki Desemba ya mwaka huohuo. "Starehe" imeazima nafsi ya kwanza ya Lutaaya na kuitia hukumu ya Franco. Mwimbaji anasema "mimi", lakini huyo "mimi" ametungwa na mtu mzima wa afya ili apatikane wa kulaumiwa. Kuazima nafsi si kosa. Bila hilo fasihi isingekuwepo. Ila aliyeazima nafsi ya mgonjwa ana deni kwa wagonjwa, na deni hilo halikwishi wimbo unapokwisha. Pengine lingelipwa kwa ubeti mmoja mpya, ulioimbwa na waimbaji walewale wakiwa na nywele za mvi, kuhusu kijana yule ambaye hakufa. Tungo za kujibizana si ngeni kwa Waswahili. Taarabu imeishi kwa hizo.

Hata hivyo jambo moja hukataa kunyooka. Achukuliwe abiria mwanamke aliyekuwa na miaka 20 mwaka 2004, anayerudi Njombe na mfuko wa dawa chini ya kiti. Basi limeondoka Makambako, madirisha yamefungwa kwa baridi, na wimbo ule unaanza. Ndio uliopigwa siku alipokuwa msichana, siku hajaolewa, siku mwili wake haujawa mada ya mtu yeyote. Anayajua maneno yote. Kondakta akiupunguza sauti kumsikiliza abiria anayetaka kushuka njiani, huyo mwanamke ndiye atakayempigia kelele aurudishe.