Sahihi Mbili, Moyo Mmoja

Wapendwa wanandoa, Bwana wetu alitupa mfano wa mjenzi wa mnara asiye na budi kupiga hesabu kabla ya kuweka msingi (Luka 14:28-30).

Huenda nanyi mnawaza kuweka nyumba yenu rehani ili mjenge vyumba vya kupangisha. Si dhambi. Lakini hesabuni. Mkiwa na shilingi 1,000,000 na kukopa 4,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, riba ya mwezi wa kwanza pekee ni 50,000. Vyumba 10 vya kodi ya 6,000 huleta 60,000. Vitatu vikikosa wapangaji, mwapata 42,000. Hata riba haitoshi, na deni lenyewe hamjaligusa. Mkopo mkubwa hukuza faida, na hukuza hasara vilevile. Mkishindwa kulipa, nyumba mnayolala hupigwa mnada.

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 yadai kibali cha mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Sakramenti yadai zaidi. Mke aliyeambiwa tu, "Weka sahihi hapa," hajakubali, amenyamazishwa. Naye mume anayeficha deni amejitenga na mkewe, ingawa kitanda ni kimoja.

Basi jioni, baada ya sala, wekeni karatasi za mkopo mezani mzisome pamoja. Mmoja akiwa na hofu, isikilizeni hofu hiyo kwanza. Afadhali chumba kimoja kilichojengwa kwa akiba na amani.

Mungu azibariki nyumba zenu.