Medali ya Babu: Tuitunze au Tuiyeyushe?

Jioni moja kijana wa kwetu alinijia, mkononi ana kitambaa kilichofungwa fundo. Alipokifungua, nikaona medali ya zamani pamoja na mnyororo wake. Akaniambia: "Mwalimu, hii ni ya babu, baba yake mama. Alikuwa chifu wakati wa Wabeljiji. Kuna mtu wa mjini anayekusanya medali, naye anataka kuinunua. Mjomba anakataa, asema tuiyeyushe, maana ni alama ya utumwa. Mama analia, asema kitu cha marehemu hakiuzwi wala hakichomwi. Mimi nimfuate nani?"

Sikumjibu siku ile. Swali lake halikuwa la medali moja tu. Alikuwa anauliza hivi: Je, ni halali mtu mwema atunze kitu kilichofanywa kusudi kusifu jambo lisilo jema?

Kwanza tufahamu medali ni nini. Si fedha ya kununulia chumvi sokoni. Kazi yake ni moja, nayo ni kutangaza. Ina uso na mgongo. Usoni huwekwa sura ya mtu. Mgongoni tendo lake au mfano wa sifa zake, na maandishi kuzunguka pembeni. Mtaliano Pisanello ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa sanaa hii. Mwaka 1438 Kaisari Yohane VIII wa Konstantinopoli alifika Ferrara kwenye Mtaguso, kutafuta umoja wa Kanisa la Mashariki na la Magharibi, na msaada juu ya Waturuki. Pisanello akatengeneza sura yake, ikamiminwa kwa shaba. Umoja ule haukudumu, na mwaka 1453 Konstantinopoli ukatekwa. Lakini medali ipo hata leo katika nyumba za makumbusho. Ufalme umekwisha, shaba imebaki.

Wenye enzi waliiona upesi nguvu ya kitu hiki kidogo, wakaitumia. Aliyeshinda alitoa medali. Aliyeshindwa hakuwa na kalibu wala fundi. Kwa hiyo mkusanya medali hukusanya, kwa sehemu kubwa, sauti za wenye nguvu. Asipolijua hilo, atadhani anasoma historia, kumbe anasikiliza sifa.

Nitatoa mfano unaotuuma sisi Wakatoliki wenyewe, maana si vizuri kuonyesha kidole nyumba ya jirani tu. Mwezi wa Agosti 1572, usiku wa kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, Waprotestanti wa Ufaransa walianza kuuawa mjini Paris, nayo mauaji yakaenea katika miji mingine. Maelfu walikufa, wanaume, wanawake na watoto. Roma iliambiwa kwamba mfalme ameponyoka katika shauri la kumwua. Papa Gregori XIII akaamuru wimbo wa shukrani kwa Mungu, na medali ikatolewa. Usoni ni sura ya Papa. Mgongoni ni malaika mwenye msalaba na upanga, na chini yake watu wanaanguka. Maandishi ya Kilatini yasema wazi kwamba ni mauaji ya Wahugenoti.

Papa huyo huyo ndiye aliyetengeneza kalenda tunayoifuata mpaka leo, mwaka 1582. Mtu mmoja, mema yake na makosa yake. Na tarehe 23 Agosti 1997, Papa Yohane Paulo II, akiwa Paris pamoja na vijana wa dunia, alikumbusha mauaji yale, akakiri kwamba Wakristo walitenda mambo ambayo Injili inayahukumu. Hakuficha. Sasa niulize: kama kila medali ile ingaliyeyushwa, nani angalifaidiwa? Waliouawa? Sivyo. Angalifaidiwa yule atakaye kusema kwamba jambo lile halikupata kusifiwa kamwe.

Lakini medali yaweza pia kuwasha moto. Mwaka 1915, wakati wa vita, manowari ya Wajeremani iliizamisha meli ya abiria, Lusitania, wakafa watu karibu 1,200. Huko München fundi Karl Goetz akatengeneza medali ya kuwadhihaki Waingereza: Kifo, mifupa mitupu, ameketi dirishani anawauzia watu tiketi. Akakosea hata tarehe, akaandika 5 Mei, hali meli ilizama tarehe 7. Waingereza nao wakatoa nakala kwa mamia ya maelfu, wakaziuza kusudi watu wawachukie Wajeremani zaidi. Kipande kimoja cha chuma, chuki pande mbili. Basi si kweli kwamba medali ni kitu kisicho na madhara.

Mjomba wa kijana angesema: "Waona! Ndiyo maana nataka kuiyeyusha." Na Maandiko yanampa mfano. Musa alifanya nyoka wa shaba kwa amri ya Mungu, watu waliomtazama wakapona. Hata hivyo, miaka mingi baadaye, mfalme Hezekia alimvunja vipande vipande. Kwa nini? Kwa sababu watu walianza kumfukizia ubani. Kumbukumbu ilikuwa imegeuka sanamu. Hezekia hakukosa.

Lakini tuangalie vema sababu yake. Hakuvunja kwa kuwa kitu ni cha zamani, wala kwa kuwa kinakumbusha dhambi ya baba zao. Alivunja kwa kuwa watu wa siku zake walikuwa wanatenda dhambi mbele yake. Hapa ndipo penye kipimo chetu. Kukumbuka si kusifu. Anayeiweka medali ya uovu mahali pa heshima na kujivunia, huyo ameusaini uovu ule kwa mkono wake, afadhali aivunje. Anayeiweka na kuwaambia watoto ukweli wake wote, huyo ni shahidi.

Tena kuna neno juu ya mnunuzi. Kukusanya si dhambi, na kuuza kwa bei ya haki si dhambi. Lakini wapo wanaojua kupima uzito na kuhesabu mikwaruzo, wasijue kuuliza kitu kimoja: nani alivaa, na nani aliumia? Chuma hubaki mikononi mwao, habari yake ikafa. Mtu maskini akiuza kabla ya kujua habari ile, amemwuza shahidi kabla hajasikilizwa.

Kijana aliporudi nikamwambia: "Usiuze, usiyeyushe, kwanza uliza. Enda kwa wazee, waambie wakueleze babu alifanya nini siku alizoivaa." Maana sote twajua chifu wa medali alikuwa mtu wa namna gani. Serikali ilimtambua, ikampa medali aivae, naye akawa katikati: watu wake upande huu, serikali upande ule. Yeye alikusanya kodi. Yeye alitoa watu wa kutengeneza barabara. Na tangu 1917, pamba na mazao mengine yalipofanywa ya lazima, yeye aliulizwa kama shamba halikulimwa.

Baada ya majuma kadhaa kijana alirudi na daftari. Mzee mmoja alimwambia kwamba babu aliwalipia kodi wajane wawili kwa mbuzi wake mwenyewe. Mzee wa pili alimwonyesha mgongo wake: alipigwa viboko kwa ajili ya pamba, na babu alisimama pale, medali kifuani, asiseme neno. Kijana aliandika yote mawili. Kisha mjomba, ambaye hakuwa amepata kusikia habari ya wajane, akanyamaza. Na mama, ambaye hakuwa amepata kusikia habari ya viboko, alikwenda kwa mzee yule akamwomba radhi kwa ajili ya baba yake.

Medali ipo nyumbani mwao, ndani ya sanduku, daftari juu yake. Kijana amesema atakayetaka kuiona, asome daftari kwanza.

Wewe msomaji, pengine nyumbani mwako ipo medali, au picha, au barua ya wakati uliopita. Usiharakishe kuisifu, wala usiharakishe kuitupa. Wazee wanaojua mgongo wake wangali hai leo. Kesho huenda hawapo.