Kokwa ya Embe na Swali la Asili

Mtu aingiapo Tabora kwa njia ya kale ya misafara hupokewa na miembe. Miti hiyo iko Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, nayo huandama njia iliyotoka Bagamoyo hata Ujiji, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Katika njia hiyo walipita wapagazi wa Kinyamwezi wenye pembe za ndovu mabegani. Wakapita na watumwa wenye minyororo shingoni. Wasimulizi husema kuwa kokwa zilizotupwa na wapita njia ndizo zilizoota zikawa miti. Majina ya waliozitupa yamepotea. Lililobaki katika kokwa ni swali: je, ubora wa mzao ni kufanana na mzazi wake?

Aghalabu mbegu ya mmea ni mtoto wa chavua na yai; ina sehemu ya baba na sehemu ya mama. Lakini ziko aina za embe ambazo kokwa moja hutoa miche miwili, mitatu au zaidi. Mmoja huweza kuwa mtoto wa wawili. Mingine hutoka katika chembe za mwili wa mama zilizo kandokando ya yai, wala haina baba. Kila mmoja ni mama yule yule aliyerudi tena duniani. Ndimu na machungwa mengi hufanya vivyo hivyo. Strasburger, aliyefundisha elimu ya mimea Jena, Ujerumani, alilieleza jambo hili mwaka 1878. Na mwaka 1908 Winkler aliuita uzazi usiohitaji dume na jike apomiksisi. Mkulima hakungoja jina. Alipoona kokwa ya embe tamu imezaa embe tamu, aliipanda.

Wahenga walinena kuwa mwana hutazama kisogo cha nina. Mpenda asili safi ataushika mche huu kuwa shahidi wake. Lakini ushahidi wake una kasoro mbili. Kwanza, mche haukuchagua kufanana na mama. Na uaminifu usio na hiari haustahili sifa wala lawama. Pili, mama huyo naye alitoka wapi? Utamu unaorudiwa leo bila ya mabadiliko ulipatikana zamani kwa ua lililopokea chavua. Kunakili huhifadhi jema. Hakujui kuzaa jema jipya.

Jambo hili lina uzito shambani. Mkulima apandaye mahindi chotara huvuna vizuri mwaka wa kwanza. Akiirudisha mbegu yake ardhini, watoto hutawanyika tabia na mavuno hupungua. Kwa hiyo hurudi dukani kila msimu. Mwaka 2019 wataalamu wa Davis, California, walitangaza mpunga uliozaa sehemu ya mbegu zake kwa kujinakili. Hila hiyo ikikamilika na kuingia katika mahindi, mkulima wa Nzega au Sikonge ataweza kuhifadhi mbegu yake mwenyewe, ila ikiwa sheria ya hakimiliki itamfungia mlango ambao maumbile yamemfungulia. Ni neema kubwa. Lakini shamba lenye mmea mmoja uliorudiwa mara elfu lina udhaifu mmoja uliorudiwa mara elfu: ugonjwa ukimshinda mmoja, umewashinda wote.

Muhogo umekwisha kulifundisha somo hili. Hupandwa kwa vijiti, na kila kijiti ni nakala ya mama yake. Hivyo batobato ilipoingia, vijiti viliirithi pamoja na utamu. Katika miaka ya 1930, Storey na Nichols, huko Amani katika milima ya Usambara, waliuchanganya muhogo na mpira wa Brazili, ndugu yake wa mwituni usiolika. Katika uzao huo wakapata mihogo yenye kuvumilia ugonjwa, kisha wakaizidisha kwa vijiti. Mchanganyiko ulileta dawa, nakala ikaitunza. Kimoja bila ya mwenziwe kisingalifaa.

Tabora ni mji wa namna hiyo. Wanyamwezi, Waarabu, Wamanyema na watu wa pwani walikutana hapo, wengine kwa biashara, wengine kwa nguvu. Sheria iliufuta utumwa Tanganyika mwaka 1922, lakini swali la kumuaibisha mtu, kwamba ni mwana wa nani, halikufutwa siku hiyo. Aulizaye hivyo hudai kulinda asili, kumbe amesahau kwamba kila asili anayoilinda ilianza kwa watu wawili waliokuwa mbalimbali. Urithi ni amana, na amana hutunzwa. Lakini asiruhusiwe mtunzaji kumdharau mgeni, maana mwanzo wa urithi wenyewe ulikuwa ugeni. Mwembe wa Kwihara hauwezi kulijua jambo hili. Mtu aketiye kivulini mwake anaweza, na kwa hiyo yeye ana dhima.