Mfuo Usioonekana

Mlango wa paneli ukishapakwa rangi, mfuo wake hauonekani tena. Umo ndani ya fremu: mtaro mwembamba uliochimbwa kwa randa au mashine, na ndani yake umeingizwa ukingo wa paneli, uliochongwa mshazari ili upate kuenea. Fundi mwadilifu haupaki ukingo huo gundi, wala hausukumi hadi kina cha mfuo. Huacha nafasi, maana ubao hutanuka na kusinyaa katika upana wake hata miaka mingi baada ya mti kuangushwa. Kwetu Njombe, kwenye ukungu na mvua, ubao wa paini hunywa unyevu. Upeleke Makambako, yapata kilomita 60 tu, kwenye upepo wa kiangazi, utakauka na kusinyaa. Paneli iliyoachiwa nafasi husogea kimya. Iliyobanwa hupasuka.

Lakini, ndugu msomaji, yuko fundi wa pili. Huyu huchukua ubao bapa, akapigilia juu yake vipande vyembamba vya mbao vilivyolazwa kingo, na mlango ukaonekana wa paneli. Je, amedhulumu? Wapo wanaomtetea: mteja ameshusha bei mno, naye fundi ana ada za watoto. Hoja hiyo siidharau. Mlango wa ubao bapa si aibu. Nyumba nyingi za heshima vijijini kwetu zinao. Ila vile vipande vinasema neno. Vinamwambia mteja kwamba upo mfuo mahali ambapo haupo. Angeuziwa mlango mtupu kwa bei ileile, wote wawili wangejua walichouziana. Sasa anajua mmoja, na yule mwingine hawezi kuupasua mlango ili achungulie.

Mimi nimeandaa walimu chuoni kwa miaka mingi, na labda ndiyo sababu anayenisumbua zaidi si mteja. Husemwa kwamba ndani ya fremu haoni mtu. La hasha! Yupo kijana anayejifunza kazi, ameshika ncha ya pili ya ubao, jioni anafagia maranda. Yeye ameona. Baada ya miaka michache atafungua kibanda chake kando ya barabara ya Songea. Atakuja mteja mwenye fedha kamili, asiyebishania bei hata kidogo, naye kijana atachukua nyundo na misumari, kwa kuwa hajaonyeshwa hata siku moja jinsi mfuo unavyochimbwa.