Mfupa wa Marehemu ni wa Nani?



Mwaka jana jamaa zangu wa Njombe waliniuliza kaburi la Babu liko wapi. Babu alikuja Korogwe kama manamba, akakata mkonge, akafa, akazikwa pembeni ya shamba. Leo pale hapana msalaba wala jiwe. Kijana mmoja msomi akasema, “Baba mkubwa, tufukue. Siku hizi mfupa hujitaja wenyewe.”

Hakusema uongo. Mwaka 1984 wataalamu wa Marekani walisoma vinasaba kutoka ngozi kavu ya kwaga, jamaa wa punda milia aliyekwisha toweka. Mwaka 1985 Svante Pääbo akatangaza kazi yake juu ya maiti ya kale ya Misri. Kazi hiyo ilikuwa na mashaka mengi: vinasaba vya kale hukatikakatika, na jasho la mshikaji huingia humo, hata mtu adhani amemsoma marehemu kumbe amejisoma mwenyewe. Baadaye zikaja mashine zisomazo vipande vingi mno kwa mara moja, tena ikajulikana kwamba mfupa mgumu wa sikio la ndani hutunza vizuri kuliko mingi mingine, hata katika nchi za joto. Pääbo alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2022.

Mwaka 2023 ikatangazwa huko Berlin kwamba baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa kwetu enzi za Wadachi yamepatiwa ndugu. Wazao walio hai walitoa mate yao, na fuvu moja likalingana kabisa na ukoo wa Akida, mshauri wa Mangi Meli.

Wako wasemao wafu waachwe walale. Vema, lakini wale wa kwenye maboksi ya makumbusho hawakuwa wamelala. Kumega chembe ya mfupa ili mtu ajulikane kwao ni jeraha dogo, maadamu wenye marehemu wameulizwa. Waliovichukua vichwa hivyo hawakumwuliza mtu.

Habari ya Babu ni nyingine. Wenzake walimzika, wakamwombea. Yeye hakupotea, sisi ndio tuliosahau njia. Na pale wamelala wengi. Tungefukua wangapi kabla ya kumfikia? Nao wana wajukuu, Songea na Kigoma, ambao hakuna aliyewauliza.

Nimekataa. Kijana amenuna, hajanipigia simu tangu Pasaka. Nimemtumia nauli aje Novemba, Siku ya Marehemu Wote, tufyeke pale pamoja, makaburi yote.