Stima Nalipa, Wanidai Nini?

Kiwanda kikizimwa ndipo husema. Hilo nilifunzwa na fundi mmoja wa zamu ya usiku huko Changamwe, mtu wa makamo, aliyeniona nikizunguka mchana kutwa na vipimo vyangu na daftari, akanionea imani. "Ukaguzi gani huu wa mchana, bwana?" akaniuliza. "Njoo Jumapili usiku, mashine zimelala. Utasikia mwenyewe."

Nikaenda. Tukasimama gizani katikati ya ukumbi ule, hakuna mkanda unaokwenda wala mota inayonguruma, na juu ya vichwa vyetu, kwenye mabomba ya upepo, kukawa na miluzi. Mingine myembamba, mingine minene, kama watu wengi wanaonyamazishana. Katika chumba cha nyuma kompresa ilikuwa ikiamka, inajaza tangi, inatulia, na baada ya dakika chache inaamka tena. Hakuna mtu aliyekuwa akiutumia upepo ule. Tulihesabu sehemu ishirini na sita zinazovuja, fundi akipaka povu la sabuni kwenye viungo ili nione mapovu yanavyofura. Ripoti yangu ilikuwa karibu kwisha kabla ya usiku ule, na ndani yake hamkuwa na mluzi hata mmoja. Ningeitia sahihi. Jambo hilo bado linanisumbua.

Kazi yangu ni ukaguzi wa nishati. Kwa Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012, hapa Kenya, kiwanda, hoteli au jengo lolote linalotumia yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka sharti likaguliwe na mtu mwenye leseni angalau mara moja kila miaka mitatu. Ripoti hupelekwa kwa mdhibiti, ambaye leo ni EPRA. Kisha mwenye mali anatakiwa, kabla ya miaka mitatu kwisha, awe ametekeleza walau nusu ya akiba tuliyomwonyesha. Nusu. Nitalirudia neno hilo.

Mwenye kiwanda kile ni mzee wa heshima, mtu wa safu ya mbele msikitini. Alinikaribisha ofisini, akaniagizia kahawa, akaisoma ripoti ukurasa kwa ukurasa, na alipofika kwenye upepo akavua miwani.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikumwibia mtu. Stima nalipa, kila mwezi, sijakatiwa hata siku moja. Ikivuja, imevuja mali yangu. Wewe na serikali mwanidai nini?"

"Mzee wangu, ndiyo sheria."

"Sheria naijua. Nakuuliza haki."

Sikuwa na jibu siku ile. Nilikunywa kahawa yake nikaaga.

Nilianza kulitafuta jibu mahali nilipopazoea, kwenye fizikia, nikakuta hamna. Nilisomeshwa kwamba nishati haipotei, hubadilika tu. Kompresa huugeuza umeme mwingi kuwa joto, na upepo unaotoka kwenye tundu unakwenda zake ukumbini, ukitikisa vumbi kidogo. Ukijumlisha yote, hesabu inalingana hadi tarakimu ya mwisho. Kwa kipimo hicho usiku ule hakikupotea kitu. Ilinichukua muda kukubali kwamba "kupotea" si neno la mitambo. Ni neno la makusudi: kitu kilitolewa kwa ajili ya jambo fulani, jambo hilo halikutendeka, na kilichotolewa hakirudi kukusanyika tena.

Dini inayo lugha ya hayo. Wanazuoni wanatenganisha israfu na tabdhiri. Israfu ni kupita kiasi katika jambo la halali: kula zaidi ya shibe, kuwasha taa kumi panapotosha nne. Tabdhiri ni kukitoa kitu mahali ambapo si pake kabisa. Kiswahili kililichukua neno hilo la pili, likawa ubadhirifu, tukalifunga kwenye wizi wa fedha za umma hata tukasahau kwamba mtu aweza kuwa mbadhirifu wa mali yake mwenyewe, iliyo halali, aliyoilipia. Kiyoyozi cha nyuzi 16 katika hoteli ya ufukweni ni israfu. Kuna mgeni anayeifurahia baridi ile. Upepo wa Jumapili usiku hauna mgeni. Ule ni ubadhirifu.

Hata hivyo mzee angeweza kunijibu, na kwa haki: sawa, hiyo ni dhambi yangu na Mola wangu, wewe umeingiaje? Ndipo nilipoichukua kalamu.

Tundu la milimita 3, upepo ukiwa na shinikizo la baa 7, hula karibu kilowati 3. Tundu halilali wala halina sikukuu. Kwa saa 8,760 za mwaka mzima, ni yuniti 26,280. Kwa bei zilizoanza mwaka 2023, nyumba inayotumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi imo katika daraja la chini kabisa la malipo ya stima: taa mbili tatu, simu, labda redio. Gawanya. Tundu moja dogo hivyo linakula stima ya nyumba 73 za namna hiyo.

Na wakazi wa nyumba kama hizo hawakai mbali na kiwanda. Ukisimama Changamwe ukatazama upande wa Kipevu, utaona mitambo inayozalisha umeme kwa mafuta mazito. Umeme mwingi wa nchi hii hutoka kwa mvuke wa Olkaria, mito na upepo, lakini mahitaji yanapopanda, hasa saa ya magharibi kila nyumba inapowasha taa, mitambo ya mafuta huitwa kusaidia. Gharama ya mafuta hayo huandikwa kwenye kila yuniti ya kila mteja. Mjane anayenunua tokeni ya shilingi mia anailipa pamoja na kiwanda. Kwa hiyo mzee wangu alisema kweli kwamba stima analipa, ila hakuwa akiilipa peke yake. Kila magharibi tundu lake huongeza tone katika mafuta yanayochomwa, na tone hilo linagawiwa mji mzima.

Hapa ndipo mlango unapofunguka. Imamu Ghazali, katika kitabu chake Ihya, alipoandika kuhusu hisba, yaani kukataza maovu hadharani, aliweka sharti kwamba ovu liwe dhahiri, lisitafutwe kwa upelelezi. Mtu akijifungia nyumbani kwake na dhambi isiyomgusa mwingine, huna ruhusa ya kutega sikio mlangoni. Sharti hilo nalipenda, na lilinitia shaka kuhusu kazi yangu, kwani kutega sikio ndiyo kazi yangu hasa. Lakini kanuni nyingine ya fiqhi ina nguvu hapa: madhara huondolewa. Moshi wa jiko lako ukiingia dirishani kwa jirani, jiko lako si siri tena. Ukuta wa kiwanda unazuia macho tu. Waya umekwisha kutoka nje.

Imebaki nia. Mtu akiziba tundu kwa kumwogopa mdhibiti, ametenda wema gani? Wanafiqhi walilikabili swali hili katika zaka. Wengi walisema mtawala aweza kuichukua kwa nguvu kwa anayeikataa, na kwa dhahiri deni limelipwa; maskini anakula na kushiba. Thawabu ni habari nyingine, kati ya mtoaji na Mungu wake. Mimi naridhika na jibu hilo. Nyumba zile 73 haziulizi tundu lilizibwa kwa moyo gani.

Lakini ile nusu nimeshindwa kuridhika nayo. Naifahamu hekima yake. Sheria inajua kwamba kubadilisha mota au boila ni fedha nyingi, kwamba mkaguzi naye hukosea, kwamba ukidai yote utapata makaratasi. Imechagua kudai kinachowezekana. Ghazali huyo huyo, mahali pengine katika kitabu hicho, anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara: asubuhi mnawekeana masharti, mchana unamchunga, jioni mnafungua daftari. Hiyo ndiyo muhasaba, neno lenye shina moja na mhasibu na hesabu zetu. Na mshirika akikuambia jioni kwamba amerudisha nusu, hutalifunga daftari. Toba ya nusu haina jina.

Niliyasema haya kwa mzee, si kwa mpangilio mzuri hivi, kibarazani baada ya isha. Kuhusu mjane na tokeni yake alinyamaza kitambo, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Juu ya zaka alicheka kidogo, akasema nimekuja na kitabu kumdai upepo. Halafu akasema atamwita fundi.

Muda ulipowadia nikarudi kwa ukaguzi wa pili, na mara hii niliomba Jumapili usiku tangu mwanzo. Fundi yule bado yupo, mvi zimemzidi. Aliniambia mzee alikuja mwenyewe usiku mmoja, akasimama gizani peke yake, akaenda zake bila neno. Tulipita bomba kwa bomba na povu la sabuni. Kompresa ilikuwa inalala muda mrefu zaidi kabla ya kuamka. Miluzi tuliyohesabu ilikuwa tisa.

Kumi na saba kati ya ishirini na sita ni zaidi ya nusu. Sheria ilikuwa imetimia, nikatia sahihi juu ya kifuniko cha tangi, fundi akinimulikia kwa simu. Kisha akaizima taa, na sote wawili tukabaki tumesimama, tukiisikiliza ile tisa.