Kutu Iliyogeuka Nyeusi

Sisi tuliosoma madrasa Mombasa tuliupata mapema mfano wa Al-Ghazali: moyo ni kioo, dhambi huutia kutu, na toba na dhikri huusugua hadi ukang'aa. Vioo vya zama zake vilikuwa vya madini yaliyosuguliwa, kwa hiyo wasikilizaji walilijua jambo lenyewe kwa macho. Naupenda mfano huo. Lakini mimi ni fundi chuma, na mikono yangu inajua kwamba chuma kilichosuguliwa kikabaki kitupu ndicho kinachoshika kutu upesi zaidi. Kiache mezani usiku wa unyevu, asubuhi utakikuta na wekundu.

Naishi Erie, Pennsylvania, kando ya ziwa. Bunduki ya kuwindia kulungu ni kitu cha kawaida nyumbani huku, na jirani yangu, mama mtu mzima, aliniletea ya marehemu baba yake. Ni Mauser 98k iliyogongwa herufi byf na tarakimu 41, maana yake imetoka kiwanda cha Oberndorf mwaka 1941. Baba yake, askari wa Marekani, alirudi nayo kutoka vitani. Unyevu wa chumba cha chini ya nyumba uliila, na mwili wake wa chuma, pale komeo linapoteleza, ukajaa kutu. Mama akaomba mambo mawili: nirudishe weusi wake, na nimfute yule tai mdogo wa Kinazi aliyegongwa juu yake. Hataki mjukuu aende mwituni na alama ile.

Zipo dawa za chupani zinazotia weusi kwa dakika chache, na huchakaa upesi vilevile. Nikachagua njia ya kale, ambayo fundi huifanya kwa kutu yenyewe. Nilihakikisha haina risasi, nikaifungua yote, nikaondoa kutu mbaya na grisi, hata alama ya kidole isibaki. Nikaipaka dawa nyepesi ya asidi, nikaining'iniza ndani ya sanduku lenye bakuli la maji ya moto, maana majira ya baridi hewa ya nyumba zetu hukauka mno. Saa chache baadaye chuma kizima kimevaa vumbi jekundu, laini, sawasawa. Mgeni akiiona hali hiyo atadhani umeiharibu mali ya watu. Kisha unakitia katika maji yanayochemka, yale safi ya kujazia betri.

Hapo kutu haitoki. Inageuka. Wekundu unakuwa weusi mbele ya macho yako, kwa sababu oksidi ile inabadilika kuwa magnetiti, na magnetiti hushikamana na chuma. Unafagia unga wa juu kwa brashi laini ya waya, unarudia tena na tena, na weusi unazidi kukolea. Kinachokilinda chuma mwisho wa kazi ni kutu ileile iliyokuwa ikikila.

Aya ya 70 ya Sura Al-Furqan inatuambia kwamba mwenye kutubu, akaamini na kutenda mema, Mwenyezi Mungu hugeuza maovu yake kuwa mema. Wafasiri wamehitilafiana. Wapo wasemao mtu ndiye anayebadilika hapa duniani, imani ikashika mahali pa ushirikina. Wengine wamesema maovu yenyewe, yaliyokwisha kuandikwa, ndiyo yatakayogeuzwa Siku ya Kiyama. Ibn Kathir amezitaja kauli zote mbili. Kwa muda mrefu niliegemea ya kwanza, kwa kuwa ya pili ilinitisha: uovu utakuwaje wema bila haki ya aliyedhulumiwa kupotea? Sasa naielekea ya pili. Sidai kwamba sufuria ya maji ya moto ni tafsiri ya Qurani. Lakini namjua mtu aliyekuwa mlevi, na leo walevi wanamkimbilia yeye kwa sababu anakujua walikozama. Ulevi wake haukufutwa. Umefanyiwa kazi.

Na haki ya aliyedhulumiwa haipotei. Mafakihi wanashurutisha kila mtu arudishiwe chake ndipo toba itimie. Kwa hiyo ombi la pili nililikataa. Sheria ya Marekani inakataza kufuta namba ya bunduki, ila tai si namba. Kwanza nilizuiwa na ufundi: mwili wa Mauser umetiwa ugumu juujuu tu, ndani ni chuma laini, na anayeitafuna ngozi ile kwa tupa anaidhoofisha sehemu inayobeba mshindo wa risasi. Vishimo vya kutu ya zamani niliviacha kwa sababu hiyohiyo. Lakini hata tupa isingedhuru kitu, wapo waliosimama mbele ya mtutu huu, na hatuwajui. Alama ile ndiyo iliyobaki kutuambia bunduki hii ilimtumikia nani, nami si mrithi wao hata nitoe msamaha kwa kipande cha msasa.

Jirani hakufurahi. Alisema ni rahisi kwangu kusema hivyo, kwani si mimi niliyelelewa na baba asiyeweza kulala. Ni kweli, na sina jibu la kumwondolea uchungu huo. Nilimwambia tu kwamba mjukuu akiiona atauliza, na asipoiona hatauliza. Bunduki iko kwake sasa, nyeusi, imepakwa mafuta, tai yupo. Anasema huenda akampelekea fundi mwingine.